Joho la Bwana Misuli

Trent Halvorsen hajui kutengeneza filamu, wala hajawahi kujifanya anajua. Kazi yake ni matangazo, na hapa kwetu Burbank, mji wa studio za filamu, mtu wa matangazo ndiye anayemwambia mwongozaji shujaa afe lini na afe vipi. Namchukia. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nitamtendea haki.

Siku moja alituita studio, mimi na mwongozaji wetu, Ignacio Beltrán. Mezani kulikuwa na saladi kwenye vikasha, hakuna aliyeigusa, na katikati kasimamishwa mdoli wa shujaa wa filamu. Kwenye filamu ana jina refu la kutisha. Sisi tunaomtengenezea picha zake za kompyuta tunamwita Bwana Misuli tu. Mdoli alikuwa na joho jekundu mgongoni.

"Mnaona nini?" Trent akauliza.

"Mdoli," nikasema.

"Joho, Arpine. Mdoli ana joho. Mabango ya barabara ya Sunset yana joho. Vikopo vya bisi vina joho. Halafu nawasha filamu yenu, vita vya mwisho vyote, nusu saa nzima, huyu mtu yuko mgongo wazi!"

Ignacio akakohoa. "Amemfunika nalo ndugu yake, Trent. Ndugu yake amekufa. Analivua, anamfunika, anaenda kupigana bila joho. Ndiyo hadithi yenyewe."

"Nzuri sana. Nililia. Sasa mvisheni lingine."

"Lingine kalitoa wapi?" nikauliza.

"Ni shujaa. Mtu anayeruka angani haulizwi fundi wake wa nguo."

Hebu fikiria. Kwetu mdoli huchorwa kabla hadithi haijaisha kuandikwa, maana kiwanda kinataka muda wa kutosha na maduka yanataka mzigo mapema. Huyu wa kwetu alipochorwa, huyo ndugu hakuwepo hata kwenye karatasi. Kwa hiyo mdoli hakosei kamwe. Inayokosea ni filamu.

"Ni vipande vya filamu mia mbili na kitu," nikamwambia. "Joho halipakwi kama rangi ya mlango. Lina upepo, lina moshi, linalowa, linaungua. Nani analipa?"

"Mkataba wako unasema mpaka studio iridhike. Mimi sijaridhika."

Kweli unasema hivyo. Niliutia sahihi kwa mkono wangu, kama wanavyotia wote mjini hapa: bei moja, kazi nzima, mpaka studio iridhike. Usipotia wewe, anatia jirani. Na studio hii ilishatukamua. Mji wa kwenye filamu ulikuwa wa mchana, wakautaka usiku. Maadui walikuwa kijani, wakawataka zambarau. Akiba niliyobakiwa nayo ilikuwa mshahara wa mwezi mmoja.

"Filamu imeshakula dola milioni mia mbili na arobaini," Trent akasema. "Wakubwa wamefunga mfuko."

"Na matangazo?"

"Matangazo ni mfuko mwingine."

"Una ngapi humo?"

"Mia na sitini. Wakiniongeza sitashangaa."

"Basi nipe mbili, nikushonee joho lako."

Akanitazama kwa huruma kabisa, mshenzi yule. "Haiwezekani. Huu ni mfuko wa kutangaza, si wa kutengeneza. Alhamisi nitakuja kwako unipe jibu. Ukikataa, malipo ya mwisho hayatoki."

Nje nilimgeukia Ignacio. "We bwana, una ulimi, au nao wameukata kwenye uhariri?"

"Nina filamu nyingine nao, Arpine," akasema, akaniambia samahani. Nikamwambia samahani yake aipeleke kwa mdoli.

Karakana yangu iko nyuma ya gereji, karibu na barabara ya Magnolia. Tuko watu tisa. Aliyetengeneza joho lile ni Wendell Tashiro, mtu asiyesema sana, aliyekuja kwangu akiwa hana hata gari. Ukiona kitambaa kinatua kifuani mwa yule ndugu aliyekufa, kinatulia, kisha upepo unainua pindo kidogo tu, hiyo ni kazi ya Wendell, na ilimchukua miezi.

Mke wake, Corinne, alikuwa na mimba ya miezi minane. Madaktari walishawaambia mtoto ana tundu moyoni na lazima apasuliwe akishazaliwa. Bima yao ya afya ilitoka kwangu. Karakana ikifungwa, bima inafungwa nayo, na upasuaji ule bila bima humalizi kuulipa hata ukiuza nyumba mbili. Nilimwahidi mbele ya mke wake: hatufungi mpaka mtoto arudi nyumbani salama.

Sasa nikikubali joho, akiba inakwisha kabla joho halijakamilika wala mtoto hajapasuliwa. Nikikataa, malipo ya mwisho hayaji, na tunafunga mwezi huo huo. Lililobaki ni kumlazimisha Trent alipe. Basi nikajiandaa kwa Alhamisi kama mtu anayekwenda kupigana.

Alikuja saa za chakula. Tulikuwa tunakula lahmajun, mikate myembamba ya nyama, vidole vimejaa mafuta. Akasimama katikati ya chumba na viatu vyake vyeupe.

"Haya, Arpine. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, ukilipa."

"Tulishamaliza hilo."

"Mmemaliza wenyewe! Una pesa za kumpaka yule mtu kwenye kila basi la jiji hili, huna za kumlipa aliyemtengeneza?"

"Basi la jiji haliji kwangu kuomba nyongeza," akasema, akacheka peke yake.

"Unanitania? Ndani ya karakana yangu?"

Alikuwa anatazama skrini ya Wendell, upepo ukiinua lile pindo. "Hiki nani kafanya?"

"Mimi," Wendell akasema.

"Njoo kwangu. Nina matangazo ya runinga kumi na mawili ya kutengeneza. Mshahara mara mbili, bima kuanzia siku ya kwanza. Mfuko wangu mimi hauna shida."

Chumba kizima kikaacha kutafuna. Nilimtazama Wendell, naye akatazama meza.

"Nina kazi," akasema.

"Umesikia?" nikamwambia Trent. "Ana kazi. Toka! Toka na viatu vyako hivyo kabla sijakumwagia kahawa!"

Akatoka akiinua mabega. Wenzetu wakapiga makofi, na mimi, mjinga, nikajisikia mkubwa kwa nusu dakika. Kisha nikamwona Wendell ameweka chini kalamu ya kuchorea, anatazama picha ya Corinne kando ya skrini.

"Uliniahidi, bosi," akasema taratibu. "Nimemwambia Corinne, Arpine akisema kitu, amesema."

Loo. Afadhali angenitukana.

Nikatoka mbio. Trent alishawasha gari. Nikagonga kioo kwa kiganja chenye mafuta.

"Mchukue Wendell."

"Si amekataa?"

"Atakuja. Bima siku ya kwanza, ulisema. Iandike sasa hivi, umtumie, nikiona kwa macho yangu."

Akanitazama, kisha akanielewa, na nilimchukia zaidi kwa kunielewa upesi hivyo. "Na joho?"

"Utalipata."

"Bure?"

"Bure! Andika!"

Akaandika kwenye simu, akanionyesha, akatuma. "Unaona?" akasema. "Tungeokoa wiki nzima." Akaondoka, alama ya kiganja changu ikiwa kiooni.

Niliporudi ndani simu ya Wendell ilishalia. Alikuwa anausoma ujumbe akiwa amesimama.

"Nini hiki?"

"Ni kazi yako. Hapa huna tena."

"Nilisema siendi."

"Nimekufukuza, Wendell. Nenda."

"Miaka kumi na moja," akasema. "Umeniuza kwa yule mtu? Kwa sababu gani? Umepata nini?"

Ningemwambia karakana imekufa, angebaki tuzikane pamoja. Namjua.

"Nimepata muda zaidi wa joho," nikasema. "Tumebadilishana."

Sijawahi kutazamwa vile, hata na mume wangu siku alipoondoka. Wendell akachukua koti lake na picha ya Corinne iliyokuwa kando ya skrini, akapita katikati ya wenzake bila kumuaga hata mmoja. Wakanigeuzia nyuso mimi. Nikawaambia ukweli ambao sikumwambia yeye: iko mishahara ya mwezi mmoja, halafu hakuna kitu, na anayetaka kwenda na aende sasa. Watatu wakaenda.

Nikakaa kwenye kiti cha Wendell, kikiwa bado na joto, nikafungua kipande cha kwanza, nikaanza kumvika yule mtu joho.