Mchele, Nina Neno Nawe

Vumbi la pumba likitoka kwenye mashine ya kukoboa hupita kwenye jua, likawa dhahabu, likatua kwenye nyusi zangu. Hapa Gimje, mji wetu wa mpunga, hata salamu yetu ni kuulizana, "Umekula wali?" Basi nakusemesha wewe, mchele. Umenilea, na nina neno nawe.

Mjukuu wangu Daon alishikwa na kifafa angali ananyonya kidole. Dawa zikashindwa. Madaktari wakakufukuza mezani: mtoto ale mafuta, mayai, nguruwe aliyenona, wewe asikuonje hata punje. Kifafa kikanyamaza. Nami nikawa nakula wali bandani kama mwizi, mlango nimeukomea, harufu ya ukoko isimfikie.

Kitendawili. Jiko langu halizimwi hata mwenye nyumba akilala. Ni moyo. Jiko la Daon lilizoea mafuta, likazoea, halafu likaanza kufifia. Ngazi mbili tu, anahema. Midomo samawati.

"Bibi, moyo umechoka," akasema daktari. "Tumrudishie nafaka kidogo kidogo. Moyo utajifunza upya kuichoma."

"Na kifafa je?"

Akaandika vipimo vya uji kwenye karatasi, akanikabidhi.

Nikakurudisha, mchele, kijiko kwa kijiko. Uji mwepesi kwanza. Kisha maji ya ukoko. Kisha wewe mwenyewe, mweupe, unafuka mvuke.

"Bibi! Kumbe mtamu hivi? Mlikuwa mnanificha!"

"Mimi mchoyo tangu zamani. Kula."

Jirani yangu Malsun akacheka mlangoni: "We Daon, tuachie basi hata mbegu!"

Ukamrudia taratibu, nao moyo wake ukakupokea, kama mke aliyenuna anavyompokea mumewe: leo nusu mlango, kesho mlango mzima. Midomo ikawa myekundu. Ngazi akazipanda akiimba. Daktari akasikiliza kifua, akatabasamu. Jiko linawaka.

Leo mchana amekimbia mbele yangu hadi kwenye mashine, akaanguka chali juu ya pumba. Kifafa kimerudi. Nikamlaza ubavu, nikaweka kiganja kifuani. Moyo ulikuwa unatwanga, imara, kama mchi kinuni. Huo ndio ushindi wangu, mchele. Shubiri tupu.

Kitendawili kingine: mkono mmoja unampa, mkono wa pili unampokonya, na mikono yote ni yako. Tega mwenyewe, tegua mwenyewe. Mimi nimeshindwa, na mji wa kukupa sina.

Kifafa kikamwachia. Vumbi lilikuwa limetua kwenye kope zake, dhahabu ileile, safari hii nzito. Akafumbua macho.

"Bibi, wali umeiva?"

Nikawa nampangusa kope, moja moja.