Mjomba Hayumo

Habari kwamba mjomba ameanguka ilimkuta Hidaya kwa fundi Abel, Mji Mpya, ameiinamia mashine yake kama mtu anayemtazama mtoto mchanga. Mashine yenyewe ilikuwa bado mifupa mitupu. Vyuma vimekatwa, mota iko chini imefunikwa gunia, na pipa la kumwagia viungo halijachomelewa. Lakini Hidaya alikuwa ameshaisikia ikiunguruma. Miaka yote alisagisha mdalasini na karafuu zake kwenye mashine za mahindi, anapangwa mwisho wenye sembe wakishaondoka, na bado mwenye mashine anamnunia kwamba unga wa watu unanuka pilau. Sasa angesaga kwake, saa anayotaka, na vile vipakti vyake vya viungo vya chai vingetoka pale sokoni mjini viende mpaka Gairo.

Aliyepiga simu alikuwa jirani wa kule Kinole, mlimani.

"Hidaya, mjomba wako kateleza juu ya mkarafuu. Paja limevunjika, mfupa umetokeza nje. Tunamshusha huko mjini, tafuta namna."

Hakulia. Aliuliza swali la kijinga: "Kwani alipanda mwenyewe?"

Jibu alikuwa nalo. Wiki ileile alikuwa amempigia mjomba, sauti imejaa raha: "Mjomba, safari hii niongezee. Mashine inakuja, karafuu za msimu uliopita hazitanitosha." Vijana wa kupanda miti siku hizi wanataka pesa mkononi kabla hawajavua viatu. Mzee Maneno, mtu wa miaka sitini na ushee, alicheka kwenye simu. "Kwani mimi nimezeeka lini?" Akapanda.

Hapa lazima isemwe mjomba ni nani kwa Mluguru kama Hidaya, maana wapo watakaodhani ni ndugu wa kuja kula Idi na kuondoka. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba ni la ukoo wa mama. Mwenye kauli juu ya mtoto ni kaka wa mama. Baba yake Hidaya alishuka kwenda Ngerengere mtoto hajaota meno, akapata huko mke na watoto wengine, na mpaka leo yuko huko, mzima wa afya. Aliyenunua sare za shule, aliyeketi kupokea posa, na aliyemfungulia mlango siku ndoa ilipomshinda, bila kumwuliza hata swali moja, ni Mjomba Maneno. Ile mikarafuu aliipanda yeye kwenye ardhi ya ukoo akasema, hii ya Hidaya, mtu asiitolee macho.

Hospitalini walimpokea vizuri, wakamsafisha, wakampiga picha. Daktari akamwita Hidaya pembeni, akamweleza taratibu kama anayemweleza mwanafunzi. Mfupa unatakiwa kuungwa kwa chuma, na chuma hicho kinaagizwa na kulipiwa kwanza. Kidonda kimeingia udongo njiani. Kikikaa mpaka baada ya Jumamosi kikaanza kuoza, itabidi mguu uondoke, na kwa umri ule huenda na mwenye mguu naye akaondoka. Bei aliyotaja ilikuwa kubwa kuliko meza ya Hidaya ya sokoni na vyote vilivyo juu yake.

Basi akaanza kuhangaika, na mhangaiko wa mtu mwenye biashara changa ni mbaya kuliko wa asiye na kitu. Asiye na kitu anakunja mikono. Huyu anakata mti alioupanda mwenyewe, tena anautafutia shoka. Alirudi kwa Abel, akaketi juu ya mota kwa kuchoka, akaomba arudishiwe pesa aliyotanguliza.

Abel alijikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. "Dada yangu, pesa yako ndiyo hiyo umeikalia. Nyingine ni hivyo vyuma nilivyokata kwa vipimo vyako. Nani atavinunua?"

Akarudi sokoni, akauza mdalasini, iliki, pilipili manga na vipakti vyote kwa mfanyabiashara wa meza ya jirani, yule yule waliyekuwa wakinyang'anyana wateja. Jirani alimpa bei ya kumtania, naye akapokea, maana aliyebanwa hana bei. Pesa ile ikaenda kwenye dawa, damu na vipimo, ikaisha kama maji kwenye mchanga. Alikopa kwenye simu mpaka simu yenyewe ikamkataa. Kwa ndugu wa mlimani alipata mkungu wa ndizi na dua nyingi.

Siku ya Jumatano alimkuta mjomba ana homa, midomo imekauka. Harufu ya kidonda ilikuwa imeanza, na Hidaya akajifanya hakuisikia.

"Mashine imefika wapi?" mjomba akauliza.

"Inakaribia, mjomba."

"Waambie vijana wasivunje matawi. Mkarafuu ukiuvunja matawi unanuna, msimu wa pili haukupi kitu." Akafumba macho. "Unaniangalia hivyo kwa nini? Mimi sikulazimishwa kupanda."

Hidaya akatoka nje ya wodi, akajibanza ukutani, akalia kwa mara ya kwanza, khanga ameisokota mdomoni ili watu wasimsikie. Alikuwa amemtuma mtu aliyekuwa baba kwake juu ya mti kwa ajili ya pesa. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Kilichobaki kilikuwa kikoba.

Kila Alhamisi alasiri wanawake wa mtaa wake waliketi kwenye mkeka mkubwa uani kwa Mama Yasmin, mwenyekiti wao, wakafungua sanduku la kufuli tatu, wakanunua hisa na kutoa mikopo. Humo ndimo Hidaya alimochukua mkopo wa mashine, na kabla hajaumaliza hapewi mwingine. Lakini pembeni ya hisa palikuwa na mfuko wa jamii, wa ugonjwa na misiba, unaochangiwa na kila mtu kila wiki. Mfuko ule ungetosha chuma. Tatizo ni kwamba katiba yao ilitaja wanaosaidiwa: mzazi, mume, mtoto, na mwanachama mwenyewe. Mjomba hayumo.

Na aliyemtoa mjomba ni Hidaya.

Ilikuwa mwaka uliopita. Mwanachama mmoja, Mwanvita, mwanamke mkimya aliyemzidi Hidaya umri, alikuja mkutanoni macho yamevimba, akasema mjomba wake amelazwa. Enzi hizo katiba ilisema "mzazi na walezi", na watu wakaanza kubishana kama mjomba ni mlezi. Hidaya, ambaye biashara ilikuwa imeanza kumnyookea na ulimi nao ukaanza kuota meno, alisimama. "Jamani, Mluguru ana wajomba wangapi? Kaka wa mama, watoto wa mama wadogo, mpaka yule anayepita barabarani kumbe ni wa ukoo! Tukiwafungulia wajomba mlango, tutabaki tunalinda kufuli." Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, nao karibu wote ni Waluguru, kila mmoja na mjomba wake nyumbani. Walinyanyua mikono, neno "walezi" likafutwa. Mwanvita hakubisha. Tangu siku ile hakukosa mkutano hata mmoja, na hakumsemesha Hidaya.

Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na nguruwe wa leo alikuwa Hidaya mwenyewe.

Alikwenda kwa Mama Yasmin asubuhi ya Alhamisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia. Pole sana." Mama Yasmin alikuwa akichambua mchele, na mikono haikusimama. "Kubadili katiba kunawezekana, leo leo. Lakini utaratibu unaujua. Wote waliokaa mkekani wanyanyue mkono. Mmoja akiuacha chini, basi, tunasubiri mpaka mgao wa mwisho wa mwaka."

"Wote?"

"Waliokaa mkekani. Aliyechelewa akasimama mlangoni hahesabiwi, sauti hana. Ila anayekuumiza kichwa wewe namjua, na huyo hachelewi."

Hidaya alipita njia ya kwa Mwanvita, aliyekuwa akikaanga karanga kwenye kibaraza na kuzifunga kwenye vikaratasi. Alitaka kumwomba radhi. Alifika hatua chache kabla ya jiko, Mwanvita akainua uso, wakatazamana, na miguu ya Hidaya ikageuka yenyewe ikamrudisha alikotoka. Mtu aliyethubutu kuwachekesha watu thelathini kwa msiba wa mwenzake alishindwa kusema neno moja mbele ya kikaango.

Alasiri mkeka ulijaa. Zamu yake ilipofika, Hidaya hakusimama. Alipiga magoti.

"Naomba mjomba arudishwe kwenye katiba," alisema. "Nilimtoa mimi, kwa mzaha. Wangu amelala, mguu unaoza, na kesho wasipoagiza chuma wataukata. Sina pa kwenda. Nimeuza kila kitu. Nisaidieni."

Hakuna aliyecheka. Mama Yasmin akasema wanaokubali wanyanyue mikono, na mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine, mpaka uani pakawa kama shamba la mahindi. Mkono wa Mwanvita ulikuwa umelala mapajani.

"Da Mwanvita," Hidaya akasema. "Nakuomba."

"Anaitwa nani mjomba wangu?" Mwanvita akauliza. Sauti haikuwa ya ugomvi.

Hidaya alifungua mdomo. Akatafuta. Alikumbuka siku ile yote, gauni alilovaa, kicheko, hata aliyeketi kushoto kwake. Jina halikuwepo. Hakuwa amelisahau. Hakuwahi kuliuliza.

"Hujui," Mwanvita akasema. "Na nyie wengine?" Akawatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akashusha macho, mikono bado iko juu. "Nilikuwa na friji, mnalikumbuka. Nikiuza barafu na juisi, nilikuwa najipanga kununua la pili. Nililiuza. Mnunuzi alinizungusha kutwa nzima, analeta nusu, anakwenda kutafuta nusu. Nilipofika wodini kitanda kimeshatandikwa shuka jipya. Mnanikuta nafunga karanga mnafikiri ndiyo kazi niliyoipenda."

Hidaya alimwona mjomba wake akiwa hana mguu, kisha akakiona kitanda chenye shuka jipya.

"Mkono huu siunyanyui," Mwanvita akasema. "Nikiunyanyua nitakuwa nimesema yale yamekwisha, na hayajakwisha."

Mwanamke mmoja akaanza kusema kitu, Mama Yasmin akamkatiza kwa jicho. Mwanvita alijisogeza ukingoni mwa mkeka, akavuta ndala zake, akavaa moja, akavaa ya pili, akasimama kwenye mchanga.

"Naenda kuangalia jiko langu," alisema. Akatoka.

Ilichukua muda watu kuelewa. Mama Yasmin ndiye aliyewahi. Aliutazama mkeka pembe hadi pembe.

"Waliokaa mkekani," alisema, "nyanyueni tena."

Ilinyanyuka yote. Wenye funguo wakaitwa, kufuli zikafunguliwa, na Hidaya akafungiwa pesa kwenye pindo la khanga na mikono ya watu wengine. Alitoka mbio. Pale kwenye kibaraza cha karanga akasimama, anahema, pikipiki ikimsubiri.

"Anaitwa nani, da Mwanvita?"

Mwanvita aligeuza karanga kwenye kikaango, akazigeuza tena, nyuma yake milima imefunikwa mawingu mpaka kiunoni.

"Hafidhi," akasema. "Usinishukuru. Wahi."

Chuma kilifika. Mjomba Maneno aliingia chumba cha upasuaji siku ya Jumamosi asubuhi, na mchana akatolewa na mguu wake, ingawa daktari alisema wazi kwamba mtu huyu na miti ndio basi tena. Hidaya alikaa kando ya kitanda. Hana mzigo hata wa kilo moja, ana deni la mashine na deni la simu, na fundi Abel ameshatuma ujumbe kwamba kazi imekamilika aje aichukue. Aje aichukue asage nini? Lakini hayo hayakuwa yaliyomliza pale mjomba alipofumbua macho akamkuta machozi yanamtoka.

Mjomba alijipapasa paja chini ya shuka, taratibu, kwa woga, mpaka akaufikia mguu.

"Si upo huu?" akasema kwa sauti nyembamba ya mtu aliyetoka kwenye nusu kaputi. "Sasa unamlilia nani?"

"Hafidhi."

"Hafidhi gani?"

"Mjomba wa mwenzetu mmoja," Hidaya akasema. "Hatukumchangia."