Breki, Kinu na Sendofu ya Gwantwa

Jamani, mimi hasira zangu ziko karibu, na mtu akiuita muziki wangu kelele, ndiyo kabisa. Mama yangu aliuita kelele kila siku ya Mungu. Narekodi vitu kwa simu: mfuniko wa sufuria, mama akitwanga mahindi, geti likilia, malori yakiachia breki barabarani hapa mjini kwetu Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia. Halafu navikatakata na kuvipanga humo humo kwenye simu mpaka vinachezeka.

Basi mdogo wangu Gwantwa, alipokaribia kuolewa Ileje, akaiambia kamati kwamba kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga nyumbani, ataingia kwa wimbo wangu, si mwingine. Nilitaka kulia kwa furaha. Mama akanivuta jikoni.

"Fides, ukinitia aibu mbele ya wakwe, hiyo spika yako naigawa kanisani. Na huo mchezo uishe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Siku yenyewe turubai lilifungwa uani kwetu, jirani kabisa na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Wakwe wameketi na suti zao. Gwantwa akatokea mlangoni, nikabonyeza. Pshhh! Pshhh! Zikaanza breki, ambazo kwa sifa zangu nilikuwa nimezipandisha sauti mpaka mwisho. Hakuna aliyeinuka. Shangazi Atuganile akaziba masikio.

Mara nje, ngurumo. Lori moja likawashwa, likafuata jingine, kisha foleni nzima, honi juu ya honi. Mjinga mimi! Mpemba nzima inajua kwamba madereva hulala kwenye usukani wakisubiri, na wakisikia lori la mbele limeachia breki, wanaamka na kusogea. Sasa mimi nimewaachia breki kwa spika, na huko mbele hakuna kilichosogea hata kidogo.

Dereva mmoja Mzambia akaingia na kandambili, shati wazi.

"Mwebantu! Jamani, nani anatuchezea?"

Nikamwonyesha spika. Akasikiliza, uso ameukunja, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya turubai. Wakwe nao wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alinyanyuka akaja moja kwa moja kwenye spika, mkono ameunyoosha auchomoe waya. Nikajua spika imeshakwenda kanisani hiyo.

Hapo kinu kikaingia. Twi, twi-twi, twi.

Mkono wa mama ukasimama hewani.

"Hicho si kinu changu?"

"Ndicho, mama."

"Kwa hiyo hapo ni mimi?"

"Ni wewe."

Akauacha waya. Akaenda mlangoni, akamshika Gwantwa mkono, akamwingiza kwa mwendo ule ule wa kutwanga, mabega yanacheza, mbele ya wakwe wote. Shangazi akapiga vigelegele, na yule dereva akawafuata nyuma na kandambili zake. Mimi nililia waziwazi, sikujificha.

Asubuhi yake nilikuwa bado kitandani. Nilishangaa kinu kinachoniamsha kila siku kimenyamaza, na jua limeshatoka.

"Fides!" mama akaita kutoka uani. "Mahindi yananisubiri hapa. Simu yako iko wapi?"

"Ya nini, mama?"

"Nitwange bure? Njoo urekodi upya. Ile ya jana umeikimbiza, mimi sitwangi hivyo."