Kidole Gumba na Daraja la Tatu

Sisi wanne tunatengeneza gemu, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana tuna zamu: mmoja analeta gemu anayoipenda, wengine tunaicheza saa nzima. Kuondoka ni marufuku, kutania ruksa. Mchoraji wetu, Mama Kabichi, hupenda gemu za kulima. Unamwagilia, unangoja, unamwagilia tena. Fundi wa sauti, tunayemwita Dereva, huendesha gari mjini na kusimama kwenye kila taa nyekundu, eti anasikiliza injini. Bosi, mzee wa watu, hucheza karata peke yake, na akikosea anairudisha karata kana kwamba hakuna aliyeona.

"Hizo si gemu, ni dawa za usingizi," huwa nawaambia. Mimi napenda gemu inayokutoa jasho, inayokuua mara hamsini ndipo ikufungulie mlango. Ndiyo maana naitwa Sugu, na ndiyo maana kazi yangu ni kupanga ugumu. Sharti letu ni moja: hatua ya gemu haitoki mpaka aliyeipanga aivuke mwenyewe, mbele ya wenzake.

Kisha nikafanyiwa upasuaji wa mkono wa kulia. Niliporudi kazini, kidole gumba kilikuwa kinachelewa. Kidogo tu, lakini daraja la tatu la gemu yetu mpya nililipanga mimi, na halina huruma: mbao zinadondoka, unaruka kwa wakati au unakwenda na maji. Wiki nzima ya kwanza nikaanguka. Jumatatu iliyofuata nikaanguka tena mpaka pedi ya kuchezea ikateleza kwa jasho. Zilibaki siku kumi gemu itoke. Nikaapa kimoyomoyo, jambo nililokuwa nalifikiria tangu wiki iliyopita: nisipovuka wiki hii, naacha kazi. Mpanga ugumu anayeshindwa na gemu yake mwenyewe ana faida gani?

Alhamisi asubuhi nikavuka. Mbele yao wote! Nikapiga kelele, nikamkumbatia hata Bosi, nikatamba weee. Wenzangu wakapiga makofi, halafu kila mmoja akakimbilia mezani kwake kama aliyeacha chungu motoni.

Hapo nikashtuka. Nikafungua daftari la mabadiliko. Katika kazi yetu mtu anaweza kukudanganya uso kwa uso, lakini akigusa gemu lazima aandike kagusa nini na kwa nini. Tumezoea hivyo mpaka tunaandika bila kufikiri.

Jumanne, Mama Kabichi: "Nimeotesha majani mazito kando ya maji. Akianguka asife, apande tena. Sababu: kidole cha Sugu. Asiambiwe."

Jumatano, Dereva: "Nimeweka taa ndogo na mlio kabla ubao haujadondoka. Sababu: kidole cha Sugu. Asiambiwe."

Jumatano jioni, Bosi: "Akikosa ubao, arudishwe kwenye ubao wa nyuma, mara moja tu. Sababu: Sugu. Naomba asiambiwe."

Ni kweli niliona majani, nikadhani ni mapambo. Mwenye shida haulizi sana.

Hasira zilinipanda kwanza, sitaficha. Wamenilainishia daraja langu! Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Halafu nikalicheza tena, taratibu. Bado lilikuwa gumu, bado lilinitoa jasho, na nililipenda kuliko lile nililolipanga mimi. Kila mmoja alikuwa amechukua kitu kutoka kwenye gemu yake, ile ile ninayoicheka, akanipa. Sikufuta kitu.

"Jamani," nikasema, "nimesoma daftari."

Dereva akajitia kutafuta waya chini ya meza.

"Tuliandika usiambiwe," Bosi akasema. "Hatukuandika usisome."

"Asanteni. Asanteni sana. Nilikuwa naacha kazi kesho."

"Tulijua," akasema Mama Kabichi.

"Mlijuaje? Hata mume wangu sikumwambia."

Akajifuta macho kwa kiganja.

"Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yangu, mdogo wangu. Ulimwagilia shamba saa nzima, na hukunitania hata mara moja."