Kipande Kimoja cha Chuma

Saa saba mchana, wiki ya pili tangu apasuliwe taya, Kaluki alikuwa amekaa nje ya jikoni huko Kyuso akinywa uji na kijiko cha chai. Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa. Kando yake mama mkwe, Nzilani, alikuwa anatafuna isyo, mchanganyiko wa maharagwe na yale mahindi ya manjano ya msaada, magumu kama kokoto.

Kaluki alizaliwa taya imeenda kushoto. Meno hayakuwahi kukutana, chakula alikuwa anameza tu hivyo hivyo. Daktari mgeni aliikata kidevuni, akairudisha katikati, akaishikanisha na kipande cha chuma na skrubu nne. Vilitakiwa vipande viwili.

"Kimoja juu, kimoja chini," daktari alimwambia. "Ukitafuna, mfupa unafunguka na unajipinda. Chuma kimoja hakiwezi kuzuia yote. Kwa hivyo wiki sita, uji pekee. Mfupa ukishika, utatafuna kama watu."

Cha pili hospitali ilikuwa imemwekea akiba bibi ya mkubwa fulani, ambaye alikuwa bado hajaumia.

Nzilani akauma, chuma kikalia ndani ya kidevu cha Kaluki. Akauma tena, kikalia tena.

"Mwaitu, mama, unatafuna na taya yangu."

"Ndiyo maana leo imekuwa laini," Nzilani akasema, akajiongezea.

Kesho yake mzee Musyoka, mwenye jino moja, alisikia, akaja na kiti chake, akala karibu na Kaluki. Kufika Ijumaa walikuwa watu kumi na tisa, kila mtu na sufuria. Waliomba kabla ya kula, wakimtaja Kaluki kwa jina.

"Kunyweni uji na mimi, wiki nne tu," aliwaomba.

"Uji si chakula, mama," Musyoka akasema. "Pole sana, lakini tumbo haijui kuhesabu wiki."

Kaluki akaenda kunywa uji wake shambani, wakamfuata na viti. Akarudi hospitali kuomba kipande cha pili. Nesi alimwonyesha kile chuma kingine kabatini, kimebandikwa jina la yule bibi ya mkubwa, akafunga kabati.

Wiki ya tano skrubu ya kwanza ilitoka, akaitemea kwa kikombe. Ya pili ilitoka Jumapili, wakiwa katikati ya maombi. Kidevu kikaanza kurudi kushoto, kidogo kidogo, kila mlo.

"Kaluki, mahindi imeanza kuwa ngumu upande huu," Nzilani akasema.

Watu wakainuka, wakahamisha viti upande wa kushoto wa Kaluki, wakaendelea kula.