Kupiga Maji

Chumba cha kurekodia kilikuwa juu ya duka la dawa, na kuta zake zilibandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Humo ndimo Mtangazaji alimowaketisha wapanda mawimbi wa mji wetu, mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya kipindi chake, akawaacha waseme mpaka wayaseme yale ambayo hawakuja kuyasema. Saa ya kwanza mtu hujisifu. Saa ya pili huwasengenya wenzake. Saa ya tatu husahau kwamba mbele yake kuna kinasa sauti. Mimi, mwanafunzi wa isimu niliyerudi nyumbani kwa likizo, niliyaandika mazungumzo hayo neno kwa neno, na niliiamini kazi ile kwa moyo wangu wote. Niliamini kwamba mtu akisikilizwa kwa ukamilifu ataeleweka kwa ukamilifu.

Mjomba wangu alikuja kuzungumza akiwa na mchanga kwenye nyusi. Mji mzima ulimwita Pezi, kwa sababu pezi la chini ya ubao wa mawimbi lilimpasua kidevu alipokuwa kijana, na kovu lake likabaki kama tabasamu la pili chini ya lile la kwanza. Siku za kazi alitengeneza mbao za mawimbi zilizovunjika, katika banda lililonuka gundi; Jumamosi aliwafundisha watoto wa mji kupanda mawimbi. Banda lilimpa chakula, watoto walimpa sababu ya kula. Hakuwa na mke wala mtoto wake mwenyewe, na ukimwona ndani ya maji yanayofika kiunoni, amemshikilia mtoto wa mwenzake juu ya ubao huku akimwambia, "Ngoja, ngoja, sasa simama!", utadhani amepewa zawadi.

Katika saa ya tatu alisema hivi: "Siku aliyokufa mdogo wangu, nilikuwa nimepiga maji tangu alfajiri." Kisha akaendelea, akasema yote. Alipomaliza alivua vipokea sauti akavilaza mezani taratibu.

"Sehemu ile ya mdogo wangu usiitoe hewani, bwana," alimwambia Mtangazaji. "Mengine yote ni yako."

"Nimekuelewa, kaka. Heshima yako kwanza."

Hapa sina budi kulieleza neno. Kwa mpanda mawimbi, kupiga maji ni kulala kifudifudi juu ya ubao na kuyavuta maji kwa mikono miwili hadi pale wimbi linapovunjikia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kulipanda wimbi ni ujira wake tu. Kwa watu wengine wote, kupiga maji ni kulewa. Mtangazaji hakukulia ufukweni. Aliitimiza ahadi yake kwa namna yake: alikiondoa kifo, akaiacha pombe. Ili kukitangaza kipindi alitoa kipande kifupi ambamo mjomba wangu, kwa sauti yake nzito, anasema, "Nilikuwa nimepiga maji tangu alfajiri," na baada yake ukasikika mlio wa chupa inayofunguliwa.

Mji ulicheka. Nilikuwa naye dukani dereva wa lori alipomkaribisha kwa mikono miwili.

"Mwalimu! Leo umepiga ya baridi au ya moto?"

"Ya chumvi," akajibu mjomba.

"Na watoto wetu unawafundisha lini kupiga? Wangu bado ananyonya, lakini anajifunza haraka!"

"Mlete. Huyo atakuwa na akili kumshinda baba yake."

Duka zima liliangua kicheko, na mjomba akacheka nao. Mimi sikucheka. Nilipanda ngazi za duka la dawa nikamweleza Mtangazaji maana ya neno lile kwa utulivu wote nilioweza kuukusanya.

"Kumbe!" akasema. "Ni kuogelea tu?"

"Si kuogelea. Ni kupiga maji. Tafadhali kiondoe kipande kile."

"Dada yangu, kipande kile kimesikilizwa kuliko vipindi vyote nilivyowahi kufanya. Mzaha ukiuelezea, umeuua."

"Na mtu je? Ukimwacha hivi hujamuua?"

"Pezi mwenyewe analalamika?"

Hakuwa akilalamika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Lakini mzaha haukai mahali ulipowekwa. Jumamosi iliyofuata baadhi ya watoto hawakuletwa ufukweni. Iliyofuata hiyo, walioletwa walikaa na mama zao mchangani, viatu miguuni. Ndipo Mfamasia, mwanamke mwenye duka la dawa na mwenyekiti wa wazazi, alipoitisha kikao kuamua kama mjomba aendelee kuwafundisha watoto au aache.

Nilimfuata bandani. Alikuwa akipiga msasa ubao uliopasuka katikati, vumbi jeupe limemjaa mikononi hadi kwenye viwiko.

"Mjomba, niruhusu niwapigie rekodi yote. Yote kabisa. Wakisikia ulivyosema watajua hukuwa umelewa."

"Watajua na mengine."

"Mengine hayo ni ya kweli."

"Ndiyo ubaya wake, mama." Alikuwa ananiita mama tangu nikiwa mdogo, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Akapuliza vumbi. "Sasa hivi wananicheka. Anayekucheka anakusalimia kwanza."

"Kwa hiyo utakubali kuitwa mlevi, wewe ambaye hata soda unaimaliza kwa siku mbili?"

Akatabasamu, midomo na kovu kwa pamoja. Nilimwambia kwamba uongo ulikuwa unamnyang'anya watoto wale, na kwamba kitu pekee kinachoweza kuuondoa uongo ni ukweli usiokatwa. Nilisema mengi. Nilisema vizuri, nilikuwa nimefunzwa kusema vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sidhani kwamba maneno yangu yalimshinda. Nadhani aliwataka wale watoto.

"Haya, msomi wetu," akasema. "Wapigie."

Kikao kilifanyika katika darasa la shule, wazazi wakiwa wamejibana kwenye madawati ya watoto wao, magoti juu. Mama yangu alikaa karibu na mlango. Spika niliiweka juu ya meza ya mwalimu.

"Mwalimu, hatukuja kukuhukumu," alianza Mfamasia.

"Basi mmekuja kunipima presha?"

Wakacheka, na kicheko kile kilinipa matumaini. Nikawasha. Sauti ya mjomba ikatoka, naye ameketi palepale, akitazama ubao mweusi ambako mtu alikuwa ameandika hesabu za kugawanya na kusahau kuzifuta.

"Siku aliyokufa mdogo wangu, nilikuwa nimepiga maji tangu alfajiri. Mawimbi yalikuwa makubwa, tukawa na uchu. Kamba yake ya mguu ikakatika, ubao ukamkimbia. Wangu ulikuwa umeshavunjika. Nikamfikia. Nikamshika kifundo cha mkono. Maji yanatuvuta kwenye miamba, na mikono yangu si yangu tena, imekwisha. Nikaona tunakwenda wote wawili. Nikaachia."

Nilizima. Dereva wa lori ndiye aliyesimama kwanza.

"Mwalimu, mimi nilikutania vibaya pale dukani. Sikujua. Nisamehe, ndugu yangu."

"Yamekwisha," akasema mjomba.

Watu walinong'ona kwa huruma. Mwanamke mmoja alijifuta macho kwa upindo wa kitenge. Nilijua tumeshinda. Nilianza hata kuukunja waya wa spika. Kisha mshonaji nguo, mama mpole ambaye binti yake alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote, akauliza kwa upole wake wote:

"Lakini mwalimu, si alikuponyoka?"

Mjomba akamgeukia. "Vipi, mama?"

"Nasema, mkono ulikuwa na maji, nguvu zimeisha. Alikuponyoka. Ndivyo ulivyotaka kusema, sivyo?"

"Ndivyo," wakaitikia wengine. "Alimponyoka tu."

Niliona mlango wameufungua na kumshikia. Lilikuwa neno moja. Kinachoponyoka hakikuachiwa na mtu. Mkono unabaki hauna hatia. Mshonaji hakusoma isimu lakini alilijua hilo sawa na mimi, na alikuwa akimwomba mjomba alitamke ili sote twende nyumbani. Mjomba alinitazama. Najua alichokitafuta usoni mwangu, na najua alichokikuta, kwa maana mimi ndiye niliyemwambia kuhusu ukweli usiokatwa.

"Hapana," akasema. "Niliachia. Ningeshika, tungekwenda wote."

"Sema alikuponyoka, mwalimu," dereva akasihi. "Unajitesa bure."

"Niliachia."

Mfamasia alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi kama angekuwa mbaya.

"Na akiwa ni mwanangu? Siku mkono ukichoka, na aliye mkononi ni mwanangu?"

Mjomba alifikiri. Mtu yeyote mwingine angejibu papo hapo. Angeapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake. Yeye alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni.

"Sijui," akasema.

Hakuna aliyepaza sauti. Kutoka nyuma mtu alisema, karibu kwa masikitiko, "Mlevi huacha pombe. Hili linaachwaje?"

Walimshukuru kwa uwazi wake. Walimpa mkono mmoja mmoja wakipita, na kila mmoja aliuangalia ule mkono kabla ya kuushika. Jumamosi hakuja mtoto hata mmoja. Mjomba alikaa ufukweni na zile mbao ndogo za rangi mpaka jua likawa kali, halafu akazirudisha bandani mbili mbili.

Mama alikuwa akipiga pasi nilipothubutu kumuuliza. Aliyezama alikuwa kitinda mimba wao. Mama ndiye aliyembeba mgongoni utotoni.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua siku ileile aliyorudi peke yake. Mtu aliyeponyokwa hulia. Yeye hakulia, alikwenda kuosha vyombo."

"Na hukumuuliza?"

"Nimuulize ili iweje? Miaka yote anakula kwangu meza moja na mimi. Wewe ulitaka nini zaidi?" Akaligeuza shati. "Kujua nilijua, mwanangu. Sikutaka kujua kwa spika."

Mtu fulani alikuwa amerekodi kikao kwa simu na kukisambaza, na baada ya wiki Mtangazaji aliitoa hewani saa ya tatu bila kukata kitu. Nilipomkumbusha ahadi yake aliinua mabega.

"Siri ya ukumbi mzima ni siri gani, dada? Si wewe uliyetaka wasikie yote?"

Wasikilizaji waliandika kwamba hawajawahi kusikia mazungumzo mazito namna ile. Waliandika kutoka miji ambayo haina bahari. Na meneja wa hoteli kubwa ya ufukweni, ambaye kwa miaka mingi hakumruhusu mjomba kupita kwenye nyasi zake na ubao, alimpigia simu yeye mwenyewe. Hakutaka awafundishe wageni kupanda mawimbi. Kwa hilo alikuwa na vijana wake, tena wenye vyeti. Alitaka awasimulie. Alasiri, kando ya bwawa la kuogelea, saa nzima na maswali.

"Utakwenda?" nilimuuliza.

"Kitu gani kingine wanachotaka kutoka kwangu?"

Nilikwenda kumsikiliza kabla ya kurudi chuoni. Walimketisha kwenye kiti cha kusuka, chini ya mwavuli, akiwa amevaa fulana mpya yenye jina la hoteli. Wageni walikuwa wamejilaza, wengine bado wamelowa. Alianza na mawimbi, akawachekesha kidogo. Alijua sasa ni wapi watacheka. Akafika kwenye kamba iliyokatika, kwenye miamba, kwenye kifundo cha mkono. Hapo alikunywa maji kidogo, akaiweka glasi chini.

"Ndipo mdogo wangu akanitazama," akasema, "akaniambia: Niachie, kaka."

Mgeni mmoja alijifunika uso kwa taulo. Mimi niliyaandika mazungumzo yale ya juu ya duka la dawa neno kwa neno, nikarudia na kurudia pale nisipoelewa, na marehemu hakusema neno. Hakuna popote aliposema neno.

Mwanamke aliyekaa jirani yangu aliniinamia, macho mekundu.

"Ni kweli alimwambia hivyo?"

Mjomba alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake, na wageni wawili watatu nao wakageuka.

"Ni kweli," nikasema.