Kibanio cha Shangazi

Swichi yenyewe haikuzidi ukubwa wa kiberiti, lakini ilikuwa imemtoa fundi kijasho miezi minane mizima. Alitaka kuiingiza kwenye ekstensheni ya matundu manne, ile ambayo kiwanda chao kilikuwa kikiitengeneza tangu yeye hajaajiriwa. Nafasi iliyobaki ndani ya plastiki, kati ya tundu la mwisho na mahali waya unapoingilia, ilikuwa ya upana wa vidole viwili. Humo ndimo alimotakiwa kupachika kinga nzima: mtu akichomeka vitu kupita kiasi, swichi ijizime kabla waya haujaanza kuyeyuka.

Na alikuwa ameipachika. Siri yake ilikuwa kijibati chembamba cha metali mbili zilizogandishwa pamoja. Umeme ukizidi, kijibati kinapata joto, kinajikunja, kinaachia, tak, kwisha habari. Mwenye kiwanda alimpa mpaka Ijumaa. Mkaguzi akiikubali, kila ekstensheni itakayotoka pale itakuwa nayo. Akiikataa, zitaendelea kutoka kama zilivyo, bila kinga, na habari ya swichi isisikike tena. Sasa mkaguzi huyo, mafundi wa pale walimwita Bwana Hapana, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa.

Jumatano, baada ya kazi, fundi alitia sampuli mkobani akaenda kwa shangazi yake, mshonaji, ambaye ndiye aliyemlea. Chumba cha kushonea kilikuwa na cherehani ya mota, pasi nzito, birika la umeme, na ekstensheni moja iliyobeba vyote hivyo bila kupumzika. Ilitoka kiwandani kwa fundi mwenyewe, na ubavu wake mmoja ulikuwa umebabuka ukawa na rangi ya chai. Kila alipokuja, fundi aliupapasa kwanza ubavu ule kuona kama una moto.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuletea mpya."

"Marahaba. Ina nini cha ajabu?"

"Inajizima yenyewe ukiizidishia mzigo."

"Kumbe kama wewe ulipokuwa mdogo," shangazi akasema. "Ukiona vyombo vya kuosha tu, usingizi."

Wakachomeka. Pasi ikapata moto, cherehani ikanguruma, birika likaanza kuimba, halafu tak. Kimya. Fundi akapiga makofi peke yake.

Shangazi hakupiga makofi. Alikuwa na sketi kumi na mbili za kwaya mezani, na ya saba ilikuwa nusu pasi, nusu mikunjo. Akabonyeza kitufe, kikakaa kidogo, kikajizima tena. Basi akachukua kibanio kikubwa anachobania vitambaa mezani, akakibana juu ya kitufe, akaendelea kupiga pasi kana kwamba hakuna lililotokea.

"Shangazi, ndivyo unavyofanya?"

"Ndivyo tunavyofanya wote kwa kila kitufe kinachojizima. Jirani yangu wa saluni, kile cha mashine yake ya kukaushia nywele anakibandika kwa utepe wa gundi. Mtu aache kazi zake kwa sababu kitufe kimenuna?"

Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasikia harufu ya plastiki inayoungua, na kicheko kikamkauka. Akachomoa waya ukutani, akajikuta amekaa sakafuni na sampuli yake mapajani, ya moto kama mkate uliotoka jikoni.

Miezi minane alikuwa akiipima kwenye meza safi, kati ya mafundi wenzake wenye adabu, watu ambao swichi ikijizima wanaiacha ijizime. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufikiria kuibana. Wote walijua umeme mno kiasi cha kutojua mtu mwenye sketi kumi na mbili za kwaya. Fomu ya Bwana Hapana nayo ilikuwa na vipimo kumi na vinne, na hakuna hata kimoja kilichotaja kibanio. Angeweza kunyamaza tu. Lakini ule ubavu wa rangi ya chai ulikuwa palepale mbele ya macho yake.

Shangazi, kwa kukosa pasi, alichomeka cherehani peke yake ukutani ili ajaze uzi kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Kwanza akalegeza kirungu cha gurudumu. Gurudumu likazunguka kwa kasi, uzi ukajaa, sindano imetulia tuli.

"Mbona sindano haichezi?" fundi akauliza, ingawa jambo hilo alikuwa ameliona maisha yake yote.

"Nimeitenga. Gurudumu lizunguke litakavyo, sindano haihusiki."

Fundi akasimama. Kitufe chake kilikuwa kikisukuma umeme moja kwa moja, ndiyo maana kilimtii kila mwenye kibanio. Kilihitaji kitu kidogo katikati, kindoano cha kuachia. Kijibati kikipata joto, kindoano kinateleza, umeme unakatika, na kitufe kibaki kimebonyezwa kinavyotaka. Kindoano kisishike tena mpaka mtu akiachie kitufe kiinuke.

"Shangazi, una kulabu za kufungia sketi?"

"Za kwaya hizo."

"Moja tu."

"Sketi ikimdondoka mtu katikati ya wimbo, utaenda kueleza mwenyewe," shangazi akasema, akampa mbili.

Alhamisi nzima fundi alishinda na tupa akiichonga kulabu mpaka ikawa kama punje ya mchele. Ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikaingia.

Ijumaa asubuhi Bwana Hapana alipima vipimo vyake kumi na vinne. Kisha akafungua plastiki, akainama na lenzi.

"Hii nini?"

"Kulabu ya sketi, mzee. Kwa sasa."

Akainua kalamu. Watu wote walijua anachokwenda kuandika. Fundi, roho mkononi, akasema, "Kabla hujaandika, naomba uongeze kipimo kimoja. Kibonyeze kitufe kwa nguvu zako zote, halafu usikiachie."

Bwana Hapana akabonyeza. Mzigo ukaongezwa. Sekunde zikapita, kidole chake kikageuka cheupe, na chini ya kidole hichohicho, tak. Taa ya majaribio ikazimika. Akazidi kukandamiza. Taa haikuwaka. Akajaribu na mpini wa bisibisi, akajaribu kwa viganja vyote viwili, na kwa kila jaribio uso wake ulizidi kukunjuka.

"Ndiyo," akasema.

Karani wa kupokea fomu alimwomba arudie, maana alidhani hakusikia vizuri.

Jioni fundi alimfungia shangazi sampuli hiyo, akakaa kitako kusubiri. Pasi, cherehani, birika, tak. Shangazi akabana kibanio. Kimya. Akaongeza cha pili. Kimya. Akamtazama mwanawe wa kulea.

"Sasa nifanyeje?"

"Uchomoe birika, shangazi. Kimoja kimoja."

Shangazi akaguna. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu birika lile liingie nyumbani, akalichomoa. Akatoa vibanio, kitufe kikainuka, akakibonyeza, pasi ikawaka. Furaha ilimjaa fundi mpaka machoni, na hakujali kuonekana. Shangazi akachukua kibanio, akamsogelea, akakibana kwenye kola ya shati lake, nayo ikalala upande.

"Kaa nacho wewe," akasema. "Kwangu kimestaafu."